Sura ya Jana, Barabara ya Leo: Je, Magari ya Spoti Yavae Umbo la Zamani?

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kutofautisha gari ambalo umbo lake halijawahi kubadilika, gari lililorudishiwa umbo la zamani, gari lililovalishwa sura ya gari jingine, na gari jipya lililorithi ubora wa zamani bila kuiga sura. Ataweza pia kupima kama sura anayoitamani inastahili bei anayotajiwa, na atajua mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Tumeichagua Mpwapwa iwe mahali pa mfano, kwa sababu barabara zake, mafundi wake na umbali wake kutoka maduka makubwa ya vipuri humpima mnunuzi kwa haki kuliko picha ya tangazo.

1. Swali lenyewe

Katika barabara za Mpwapwa, gari linaloheshimika sana si jipya kwa sura. Ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambalo wengi huliita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Mfululizo huo ulianza kuundwa mwaka 1984, na umbo lake la boksi limebadilika kidogo tangu hapo. Hakuna anayelicheka kwa kuwa la kizamani. Linavuka makorongo ya mchanga, linapanda kuelekea Kibakwe na Wotta majira ya mvua, na fundi wa mjini hulifungua na kulifunga kwa ujuzi alionao.

Mtu huyohuyo anayeliheshimu mkonga hufungua simu yake jioni na kukutana na tangazo la gari la aina nyingine kabisa: milango miwili, boneti ndefu, taa za duara, bampa ing'aayo. Gari hilo linafanana na magari ya miaka ya 1960, lakini maelezo chini ya picha yanasema ni la kisasa. Moyo hupiga. Mzee hukumbuka gari aliloliona akiwa mtoto; kijana huona kitu ambacho hakuna mwingine mjini anacho. Hapo ndipo akiba ya miaka mingi, mazao ya alizeti au kiinua mgongo cha mstaafu huanza kutafutiwa njia ya kuondoka.

Je, watengenezaji wa magari ya spoti wafanye vema kurudisha umbo la zamani? Kwa wabunifu, hilo ni swali la ladha na heshima ya kazi yao. Kwa kampuni, ni swali la mauzo. Kwa mlaji ni swali moja tu: ninapolipia sura hii, ninalipia nini? Somo hili linalijibu kwa upande wa mlaji.

2. Aina nne za ukale

Neno "la kizamani" hutumika kwa vitu vinne vilivyo tofauti, na wauzaji hunufaika pale vinapochanganywa. Hatuna budi kuvitenganisha.

Aina ya kwanza ni umbo lililobaki. Hapa gari halikurudi kwenye zamani, kwa kuwa halikuondoka huko. Land Cruiser 70 ni mfano mmoja. Katika magari ya spoti, mfano mkubwa ni Porsche 911, lililooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Injini yake imebaki nyuma na mstari wa paa lake umebaki kutambulika, ilhali mitambo imebadilishwa kizazi baada ya kizazi. Umbo la namna hii limepimwa na wakati.

Aina ya pili ni umbo lililorudishwa. Kampuni iliyokwisha kuuacha mtindo fulani huufufua baada ya miaka. Ford walifanya hivyo kwa Mustang ya mwaka 2005, iliyofuata mistari ya Mustang za miaka ya 1960. Volkswagen walirudisha umbo la "kobe" katika New Beetle mwishoni mwa miaka ya 1990. Nissan walitengeneza Figaro mwaka 1991: gari dogo la paa la kukunja, kama lililotoka miaka ya 1950. Yalitengenezwa takriban 20,000 tu, na waliotaka kununua walikuwa wengi kiasi kwamba wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu.

Aina ya tatu ni sura iliyovalishwa. Gari la kawaida huvuliwa bodi au sehemu zake na kupewa nyingine inayofanana na gari maarufu. Kampuni ya Mitsuoka ya Japani imejenga jina lake kwa kazi hiyo, nayo haifichi. Viewt yao ina sura inayokumbusha Jaguar ya miaka ya 1960, lakini ndani yake ni Nissan March. Rock Star yao ya mwaka 2018 inafanana na Corvette ya mwaka 1963, lakini ndani yake ni Mazda MX-5. Tatizo huja gari la namna hiyo linapopita katika mikono mitatu au minne, na muuzaji wa mwisho akasahau, au akajisahaulisha, kusema kilichomo ndani.

Aina ya nne ni kazi iliyorithiwa. Hapa mtengenezaji huangalia gari la zamani na kuuliza lilipendwa kwa nini, kisha huchukua sababu hiyo na kuiacha sura. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilifuata wazo la magari madogo ya spoti ya Uingereza ya miaka ya 1960: wepesi, viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma. Magari yale ya Uingereza yalijulikana pia kwa kuvuja mafuta na kwa nyaya zenye matatizo. Mazda hawakuyarithi hayo. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wametengeneza magari hayo milioni moja. Toyota nao, mwaka 2012, walitoa gari waliloliita 86 kwa heshima ya Corolla ya mwaka 1983 yenye namba ya bodi AE86. Hawakunakili sura ya Corolla ile. Walirithi wepesi wake na mpangilio wake.

3. Kumbukumbu ya kwetu: Safari Rally

Afrika Mashariki ina haki ya kusema jambo katika mjadala huu, kwa kuwa magari ya spoti yamewahi kupimwa hapa kwa ukali usio wa kawaida. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hiyo pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Katika miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne. Matope hayakuuliza gari lipi lilikuwa na boneti ndefu.

Mwaka 1971 na 1973 ushindi ulikwenda kwa gari la spoti halisi, Datsun 240Z. Ushindi wa 1973 uliletwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye aliendelea hadi kufikisha mataji matano ya Safari. Hadi leo wapenda magari wa eneo letu hulitaja 240Z kwa heshima, na Nissan walipotoa gari lao la Z mwaka 2022 waliipa sehemu ya mbele mistari ya 240Z waziwazi.

Hapa panahitaji utulivu. 240Z iliyoshinda Safari iliandaliwa kwa ajili ya njia zile: iliinuliwa, ikaimarishwa na kufuatwa na mafundi. Z ya sasa ni gari la lami, liko chini, na limejengwa juu ya msingi ulioendelezwa kutoka gari lililolitangulia, 370Z. Si gari baya. Lakini anayelinunua kwa kuamini kwamba taa zake zimebeba uwezo wa kuvuka korongo lililofurika karibu na Gulwe amenunua kumbukumbu, na kumbukumbu haina springi wala shokapu.

4. Hoja za wanaounga mkono

Tusiwadharau wanaopenda umbo la zamani, maana wana hoja tatu zenye uzito.

Kwanza, uzuri ni sehemu ya thamani. Mwanamke anayechagua kanga haulizi uimara wa pamba peke yake. Hutazama rangi, pindo na jina. Kanga ya kisutu imeendelea kuvaliwa katika harusi za pwani kwa vizazi, na hakuna anayedai mtindo wake umepitwa na wakati. Vivyo hivyo, mtu mzima anayetumia fedha yake halali kununua gari linalomfurahisha hajakosea.

Pili, umbo la zamani mara nyingi lilikuwa na busara. Madirisha makubwa yalimwezesha dereva kuona pande zote. Vitufe vichache vilivyotengana viliweza kushikwa bila kuondoa macho barabarani. Mtengenezaji akirudisha sifa hizo, amemsaidia mlaji.

Tatu, sura inayotambulika huweza kudumu sokoni. Gari lililofuata mtindo wa mwaka mmoja huchakaa machoni mwaka unaofuata. Gari ambalo mistari yake imeshapendwa kwa miaka 50 laweza kuendelea kutafutwa na wanunuzi.

5. Hoja za wanaopinga

Wapinzani nao si watu wa kubeza. Mwaka 2021 Lamborghini walitoa Countach mpya, magari 112 tu, kwa kumbukumbu ya Countach iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Marcello Gandini, aliyebuni ile ya kwanza, alitangaza hadharani kwamba hakuhusika na hakuiunga mkono kazi hiyo. Msimamo wake unaeleweka. Countach ya kwanza ilistaajabisha kwa sababu haikufanana na kitu chochote kilichoitangulia. Kuinakili ni kuacha jambo lenyewe lililoifanya iwe kubwa.

Hoja ya pili inahusu matumizi. Sheria za usalama za leo zinadai nguzo nene za paa, nafasi ya kunyonya mshtuko wa ajali na milango mizito. Ukizitia ndani ya umbo lililochorwa wakati nguzo zilikuwa nyembamba, mara nyingi kinachopungua ni dirisha. Chevrolet Camaro iliyorudi kwa mwaka 2010 ikiwa na umbo la miaka ya 1960 ilisifiwa kwa sura na kulaumiwa kwa kumnyima dereva uwezo wa kuona vizuri nje. Katika mji wenye bodaboda, baiskeli, mikokoteni na watoto wa shule, upungufu huo ni hatari.

Hoja ya tatu ni kwamba sura yaweza kupingana na mitambo. Volkswagen ya "kobe" ya kwanza ilikuwa na injini nyuma na mitambo ambayo fundi yeyote aliielewa. New Beetle ilijengwa juu ya msingi wa Golf, injini ikiwa mbele. Aliyeinunua akitarajia wepesi wa matengenezo wa kobe la babu yake alikuta gari jingine kabisa, lenye chombo cha maua kwenye dashibodi.

Hoja ya nne ni kwamba hamu hupoa. Ford walirudisha Thunderbird yenye sura ya mwaka 1955 kwa mwaka wa modeli 2002, wakaisimamisha mwaka 2005. Mtengenezaji akiacha modeli mapema, mwenye gari huachiwa kazi ya kutafuta taa, bampa na vioo ambavyo havilingani na gari jingine lolote.

6. Hukumu yetu, na fundisho la ng'ombe wa Mpwapwa

Watu wa Mpwapwa wana mfano bora kuliko yote tuliyoyataja. Katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichopo wilayani humo, wataalamu wa karne ya 20 walifanya kazi ya miaka mingi kupata ng'ombe anayefaa nchi kame ya katikati. Walichukua damu ya zebu wa hapa, anayestahimili jua na uhaba wa malisho; wakachukua damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, kwa ajili ya maziwa; wakaongeza kiasi cha damu ya ng'ombe wa Ulaya. Aliyepatikana akaitwa ng'ombe wa Mpwapwa. Hawakumchagua kwa upinde wa pembe. Waliuliza: anatoa maziwa kiasi gani, ananenepa vipi, na je, anaishi kiangazi kikiwa kikali? Walirithi zamani kwa kuipima.

Hukumu yetu ni hiyo. Magari ya spoti yanaweza kurithi zamani, na mara nyingine yafanye hivyo, maadamu kinachorithiwa ni jibu la tatizo ambalo bado lipo: wepesi, kuona vizuri, urahisi wa kutengeneza, udogo unaookoa mafuta. Kurudisha sura peke yake, ikiwa mtengenezaji anasema waziwazi kilichomo ndani, ni burudani halali yenye bei yake. Lakini kuuza sura ya zamani ili mnunuzi adhani amepata na uimara wa zamani ni jambo tusilolikubali. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

7. Kodi haisomi sura

Mlaji anayeagiza gari lililotumika kutoka nje na ajue kwamba ushuru hautazami gari linafanana na mwaka gani. Hutazama mwaka lilipotengenezwa, ukubwa wa injini na thamani. Figaro ya mwaka 1991 yenye sura ya miaka ya 1950 ni gari la 1991. Gari la miaka mitatu lenye sura ya miaka ya 1960 ni gari la miaka mitatu.

Viwango vilivyotumika nchini kwa miaka kadhaa ni hivi: ushuru wa forodha asilimia 25; ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo; nyongeza ya uchakavu asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10; kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18.

Tuchukue mfano wa kubuni. Magari mawili ya spoti yenye sura ya zamani, kila moja likiwa na injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, yana thamani ya forodha ya shilingi 15,000,000, yaani bei pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. La kwanza lina miaka 6, la pili lina miaka 14.

Kwa magari yote mawili ushuru wa forodha ni 3,750,000, na jumla inakuwa 18,750,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaongeza 1,875,000. Kwa gari la miaka 6 tumefikia 20,625,000. KODI ya Ongezeko la Thamani ni 3,712,500. Mwisho wake ni 24,337,500. Kwa gari la miaka 14 tunaongeza uchakavu wa asilimia 30, yaani 5,625,000, tunafikia 26,250,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 4,725,000. Mwisho wake ni 30,975,000.

Tofauti ni shilingi 6,637,500, kwa magari ambayo kwenye picha yangeweza kuonekana rika moja. Hesabu hii haijaingiza tozo ndogondogo, gharama za bandari, usajili wala bima. Viwango pia huweza kubadilishwa kila mwaka Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha. Kwa hiyo usitegemee hesabu ya dalali. Tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), au fika katika ofisi yao, kabla ya kutuma malipo ya kwanza.

8. Mambo saba ya kufanya kabla ya kulipa

Kwanza, tafuta mwaka wa kweli. Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, uilinganishe na nyaraka. Kwa gari kutoka Japani, dai hati ya kufutiwa usajili, ambayo huonesha tarehe liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, linganisha kadi ya gari na chasisi, injini na rangi.

Pili, uliza: chini ya bodi hii kuna gari gani? Hili ndilo swali linaloamua gharama zako za miaka mitano ijayo. Injini na breki za Figaro zina ukoo na Nissan March; taa zake na bampa zake hazina ndugu.

Tatu, ulizia bei ya vitu vitatu kabla ya kununua: taa moja ya mbele, bampa ya mbele na kioo cha mbele. Muulize muuza vipuri, wala si muuza gari. Ikiwa jibu ni "huagizwa", uliza huchukua wiki ngapi. Gari la kazi likilala miezi miwili likisubiri kioo, limekula faida yake yote.

Nne, pima uvungu. Kutoka barabara kuu ya Dodoma na Morogoro hadi Mpwapwa unapinda Mbande na kupita Kongwa. Kutoka mjini kwenda vijijini unakutana na mchanga, mawe na matuta. Gari la spoti liko chini, na rimu kubwa zenye matairi membamba hupasuka kwa urahisi. Kabla ya kununua, lipitishe katika njia utakayoitumia kila wiki. Barabara ya mbele ya yadi haitoshi.

Tano, kaa kwenye kiti cha dereva na mtu mwingine alizunguke gari polepole. Hesabu mara ngapi anapotea machoni pako. Kisha mweke mtoto wa umri wa shule ya msingi nyuma ya gari na uangalie kioo. Usipomwona, sura hiyo ina deni.

Sita, tazama vitu vya usalama: mikanda ya viti vyote, mifuko ya hewa, breki zisizofunga magurudumu. Gari lenye sura ya zamani huweza kuwa na vyote au kukosa vyote. Huwezi kujua kwa kulitazama nje.

Saba, nenda na fundi wako, uliyemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana tajiri mwingine. Mazungumzo ya ununuzi na yawe kama haya:

"Mzee wangu, hii ni spoti ya asili kabisa, hupati nyingine."
"Nashukuru, kijana. Chini yake kuna gari gani?"
"Ah, mzee, angalia show yake tu, angalia hizo taa."
"Nimeziona, ni nzuri. Naomba niisome chasisi, halafu uniandikie kwenye risiti modeli yake na mwaka wake."

Muuzaji mwaminifu ataandika. Asiyetaka kuandika amekwisha kukujibu.

Kuhusu bima, bima ndogo hulinda watu wengine unaowadhuru, wala hairudishi gari lako. Ukikata bima kubwa kwa gari lenye bodi adimu, kubaliana na kampuni kwa maandishi kuhusu thamani ya gari na namna vipuri vya kuagizwa vitakavyolipiwa.

9. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, mtindo, modeli, historia au matumizi ya awali ya bidhaa. Kusema gari ni la modeli fulani ilhali limevalishwa sura yake ni jambo linaloangukia hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiona umepotoshwa, anza kwa kumwandikia muuzaji, ukieleza aliyoahidi na ulichopata. Asiposikia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ukiambatisha nakala za tangazo, ujumbe wa simu, risiti na maelezo ya fundi.

Maelezo ya mdomo ni magumu kuthibitishwa. Ndiyo sababu tunasisitiza risiti yenye modeli na mwaka. Hifadhi pia picha ya tangazo siku ileile unayoliona, kwa kuwa tangazo laweza kuondolewa mara baada ya mauzo.

10. Tumalizie

Somo hili limezungumzia magari ya spoti, ambayo wengi wetu hatutayanunua. Lakini mtindo wa kuuza jana kwa bei ya leo hauishii hapo. Upo katika pikipiki zilizopewa tangi la mviringo na rangi za kale, katika redio zenye vitufe vya mapambo visivyozunguka, na katika samani zilizopakwa rangi ili zionekane za mvule wa zamani. Kila mara swali ni lilelile: hiki kilichorudishwa kilikuwa kikifanya kazi gani, na je, bado kinaifanya?

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi

1. Taja chombo kimoja nyumbani kwako ambacho umbo lake halijabadilika kwa miaka mingi. Limebaki kwa sababu gani?
2. Katika mfano wa hesabu, ungeamua nini kama gari la miaka 14 lingeuzwa kwa thamani ya shilingi 10,000,000 badala ya 15,000,000? Kokotoa upya kabla ya kujibu.
3. Jirani yako anataka kununua gari la sura ya zamani kwa kiinua mgongo chake. Ungemwomba aulize maswali gani matatu ya kwanza?
4. Je, ni halali kwa mtu kununua kitu kwa ajili ya uzuri wake tu? Ni wakati gani uamuzi huo unaweza kuiumiza familia?